Dume la Falmouth

Tulipanda treni Paddington, London, mimi na mpwa wangu, siku moja kabla. Bamvua la Juni huko Falmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, maji hupwa kabisa karibu na saa sita mchana, na sikutaka yanipite. Safari ya saa nne na ushei hadi Truro, tukivuka mto Tamar kwenye daraja la mhandisi Brunel la mwaka 1859, kisha treni ndogo hadi mwisho wa reli.

Asubuhi tukashuka Castle Beach. Miamba ilikuwa wazi, mwani wa kahawia umelala juu yake, unateleza vibaya. Nilimfuata samaki mmoja tu, jamaa wa farasi-bahari. Jina lake la kisayansi ni Nerophis lumbriciformis, yaani mwenye umbo la nyungunyungu.

Saa nzima tuligeuza mawe. Kaa, konokono, kaa tena. Kila jiwe tulilirudisha taratibu lilivyokuwa, maana chini yake ni nyumba za watu.

"Mjomba, hebu njoo. Hii kamba ina macho."

Nikapiga magoti. Nilimteka pamoja na maji yake kwenye beseni jeupe: sentimita 12 hivi, mwembamba, hudhurungi iliyokolea, na michoro myeupe chini ya koo. Pua fupi, imebetuka juu. Hapo moyo ukaanza kunienda mbio, kwa sababu ndugu yake, Nerophis ophidion, pua yake ndefu na imenyooka. Nikatazama mkia: umechongoka tu, hauna pezi. Jamaa zake wengine, wale wa jamii ya Syngnathus, wana kapezi kadogo pale nchani, kama kipepeo cha kupepea moto. Kifuani napo hakuna pezi. Lililokuwepo ni moja tu la mgongoni, likitetemeka bila kupumzika.

Ndiye.

Alipojipindua nikaona tumbo. Mayai yamebandikwa kwa safu kwenye mfereji wa kina kifupi, wazi kabisa. Huyu hana mfuko kama wa farasi-bahari. Dume ndiye huyabeba hadi yaanguliwe. Mpwa wangu aliinama mpaka pua ikakaribia maji.

"Baba yao huyu?"

"Baba yao."

Maji yalishaanza kurudi, yakitulowesha vifundo. Tukainamisha beseni palepale kando ya jiwe lake. Akajizungusha kwenye shina la mwani, na hatukumwona tena.