Kidole cha Pete

Daftari la mwandiko la kitinda mimba wangu limerudi juzi na ujumbe wa wino mwekundu: "Mzazi, mtoto anashika penseli vibaya. Msaidie nyumbani." Nikamwita, nikamwambia aandike jina lake nione. Akaandika. Nikacheka peke yangu jikoni mpaka baba yake akauliza kulikoni.

Mtoto hashiki penseli vibaya. Anaishika kama skela, kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda tunachokwangulia meno. Watu wengine penseli hulala ubavuni mwa kidole cha kati. Yeye kaikamata kwa ncha za vidole, tumbo la kidole cha kati limekaa juu ya penseli yenyewe, na kidole cha pete kimesimama karatasini kama mguu wa kigoda. Hakuna aliyemfundisha. Amekua akiniona naandika orodha ya sokoni, basi.

Mimi nilifundishwa, tena kwa miezi. Ilikuwa chuoni, nilipokuwa nasomea kazi ya kusafisha meno. Mwanzoni hatukugusa mdomo wa mtu. Tulikaa mbele ya vichwa vya plastiki vyenye meno yote 32, tukikwangua rangi ya kucha iliyokaushwa iwe badala ya ugaga, ule uchafu unaoganda kwenye meno ukawa mgumu kama jiwe. Bwenini tuliandika notsi zote kwa mshiko huohuo ili vidole vizoee, na mwandiko ukawa kama kuku kapita. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alikuwa na wimbo mmoja: "Kidole cha pete ndiyo nanga. Nanga ikiwa juu, mashua inakwenda wapi?" Kidole hicho unakiegemeza kwenye jino la jirani na lile unalosafisha, mgonjwa akishtuka mkono wako uende naye, chuma kisimchome. Wimbo wa pili ulikuwa "shika kwa wepesi". Huo niliuona wa starehe tu, vidole visichoke.

Halafu ikaja siku ya kusafishana wenyewe kwa wenyewe.

Nilipangiwa binti wa Arumeru, mcheshi kuliko sote bwenini, ila akicheka lazima kiganja kiende mdomoni. Mimi mtoto wa Tanga nilidhani ni adabu za kwao. Akalala kwenye kiti, taa ikamulika, akafungua kinywa. Meno ya mbele ya juu yalikuwa ya kahawia, mistari na mabaka, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa siku nyingi. Naona haya kulisema, lakini nilifurahi. Wenzangu wamepata vinywa safi vya kujifunzia, mimi nimepata kazi!

Makubaliano yalikuwa kwamba ukiumia, unainua mkono wa kushoto. Nikatia nanga. Nikalaza makali kwenye jino, pembe zaidi ya nyuzi 45 na chini ya 90, kama tulivyoelekezwa. Nikavuta. Hakikutoka kitu. Nikakaza mshiko, nikavuta tena, na tena, kucha zangu zikawa nyeupe. Chuma kililia juu ya jino kama msumari kwenye sahani. Mara moja kikateleza, fizi ikatoa damu kidogo, nikaifuta kwa pamba. Yeye macho yake yalikuwa kwenye taa. Chozi likamtoka pembeni mwa jicho, likateremka polepole mpaka sikioni. Nikamuuliza, "Inauma?" Akatikisa kichwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya tumbo. Nami nikamnong'oneza, "Vumilia, yanakaribia kutoka."

Mwalimu sikumsikia akija. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akavilegeza vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Chuma kikabaki kimeshikwa kwa ncha tu. Akaupitisha mkono wangu taratibu juu ya lile jino la kahawia.

"Unasikia nini?"

"Laini, mwalimu."

Akanipeleka nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale mate yanapotokea chini ya ulimi, mahali ambapo ugaga hupenda kujenga. Ncha ikakwaruza, kana kwamba napapasa msasa.

"Na hapa?"

"Hapa kuna kitu."

"Hapo ndipo penye kazi. Kule juu ulikuwa unakwangua nini?"

"Uchafu, mwalimu."

"Ule si uchafu. Lile ndilo jino lake."

Kumbe lilikuwa kwenye notsi zetu, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa kuku. Maji ya upande ule wa Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi kwa wingi, mahali pengi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto huyanywa jino la ukubwani likiwa bado linajengeka ndani ya taya, na likiota limeshaharibika. Skela haina cha kutoa pale. Ningeshika kwa wepesi, ncha ingeniambia kwenye mvuto wa kwanza kabisa.

Jioni nilimpelekea maji vuguvugu ya chumvi asukutue, nikaanza kuomba radhi, nikaishia kumlaumu: mbona hukuinua mkono?

Akasukutua, akatema.

"Nilijua hayatoki. Kwetu nani asiyejua? Ila uliposema yanakaribia kutoka..."

Akaenda kumwaga maji. Hatukulizungumza tena mpaka tunamaliza chuo, na sasa yuko mbali, tunatumiana salamu za sikukuu tu.

Wa upande ule nimewahudumia wengi tangu hapo, na karibu kila mmoja huniuliza: yatatoka? Nasema ugaga nitautoa wote, rangi hapana, hiyo muone daktari kwa njia nyingine. Miaka yote hii sijapata namna nzuri ya kulisema. Nikisema haraka naonekana katili, nikizungukazunguka naona macho yanaanza kutumaini.

Haya, penseli. Jana usiku nilikaa na mtoto mezani nimwonyeshe inavyoshikwa shuleni. Nikailaza ubavuni mwa kidole cha kati, ikaniponyoka. Nikairudia, ikaniponyoka tena.

"Mama, kumbe hata wewe hujui," akasema.

Daftari liko juu ya friji. Mwalimu wake sijamjibu.