Nilivyolikagua gari la mkononi kabla ya kutoa hela

Kabla ya kwenda kuangalia gari lolote nilikaa na fundi tukapatana: elfu hamsini kwa kila gari atakalolikagua, nilinunue nisilinunue, na hela anapokea asubuhi kabla hatujapanda daladala. Alicheka. “Madam, watu hunipa ya soda tukishapata gari.” Ndiyo hiyo niliyokuwa naikimbia. Hapa Dar es Salaam gari la mkononi likiuzwa wanakula wengi: dalali aliyeliona, dalali aliyemwita dalali, kijana anayeliosha, na mara nyingi fundi uliyekwenda naye mwenyewe. Lisipouzwa hali mtu. Nilitaka awepo walau mmoja ambaye mkate wake hautegemei mimi kusema ndiyo.

Nilikuwa natafuta Toyota IST. Injini zake, 2NZ ya lita 1.3 na 1NZ ya lita 1.5, zimo pia kwenye Vitz na Probox, kwa hiyo fundi yeyote wa mtaani amekwisha kuzifungua, na spea zake ukienda maduka ya mtaa wa Gerezani, Kariakoo, hukosi. Tena zinatumia cheni ya taiming, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Kwa mshahara wa mwalimu hayo ni mambo makubwa kuliko rangi.

Gari la kwanza lilikuwa Magomeni. Rangi ya fedha, namba ya usajili ya herufi D, limeng'arishwa hadi linaumiza macho. Dalali akaanza: “Dada, hii gari ya mdada wa benki, nyumbani kazini, kazini nyumbani.” Kila IST inayouzwa mjini hapa ilikuwa ya mdada wa benki. Wakaka wa benki sijui wanapanda nini.

Baada ya hapo hakuniangalia tena. Maneno yote alimpa fundi, mimi akanipa kopi ya kadi ya gari nishike. Ilinifaa sana. Wao wakiwa wameinamia boneti, mimi niliingia ndani nikafunga mlango na kuanza kazi zangu.

Kwanza mikanda ya viti. Mkanda wa gari ukiuvuta mpaka unagoma, unafika sehemu ambayo haiguswi na mtu, maana waosha magari husugua ile inayoonekana tu. Wa nyuma kushoto ulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kabisa, rangi ya kahawia chini na nyeusi safi juu yake. Nikapitisha mkono chini ya kiti cha dereva kwenye reli zake: kutu, ile nyekundu ya unga inayobaki vidoleni. Kiti hakikai mvuani, kutu hiyo imetoka wapi? Nikainua ukingo wa kapeti karibu na miguu ya abiria. Sponji ya chini ilikuwa kavu, lakini ina mchanga laini ule wa mtoni na harufu ambayo kinyunyizio cha dashibodi kilikuwa kinajitahidi kuifunika. Nikaenda kwenye buti, nikatoa tairi la akiba. Kwenye shimo lake, mchanga tena.

Anayekaa mji huu anajua mvua kubwa zinapofanya kazi yake. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani panakuwa ziwa na Barabara ya Morogoro inafungwa, kama ilivyokuwa Aprili 2018. Magari yaliyokuwa yameegeshwa bondeni hayapotei baada ya maji kushuka. Yanakaushwa, yanapigwa sabuni, yanarudi sokoni. Ubaya wa gari lililozama ni kwamba haliharibiki siku ile. Maji yanabaki kwenye soketi za nyaya na kwenye kompyuta ya gari, kutu inakula taratibu, na miezi kadhaa baadaye vioo vinagoma kushuka, kesho yake gari haliwaki, na hakuna fundi anayeweza kukuambia shida ni waya upi kati ya yote.

Fundi naye alikuwa na lake. Injini ilikuwa imeoshwa ikaoshwa tena, haina hata vumbi, na alipoigusa ilikuwa ya moto saa mbili asubuhi. “Nimeipasha kidogo tu,” dalali akasema. Sikubishana naye. Nilimwambia tu kwamba kapeti ina mchanga, naye bila kuombwa akashusha bei kwa milioni moja nzima. Mtu anayeshusha milioni kabla hujafungua mdomo kuhusu bei amekwisha kukujibu swali lako.

Lililofuata, kwenye yadi moja Sinza, halikutuchukulia muda. Dashibodi ilisoma kilomita 84,000 na kidogo. Lakini magari ya Japani mara nyingi huja na stika ndogo ya kubadilisha oili, imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na wauzaji wengi hawaing'oi kwa kuwa maandishi ni ya Kijapani. Tarakimu hata hivyo ni zetu sote. Hiyo ilikuwa na mwaka 27 na kilomita 103,000. Ni miaka ya Heisei ya kalenda ya Kijapani, unajumlisha 1988: 27 ni 2015. Hata kama ile 103,000 ilikuwa kilomita ya oili inayofuata, gari haliwezi kurudi nyuma hadi 84,000 baada ya miaka yote hiyo. Mpira wa pedali ya breki nao ulikuwa umelika hadi umepinda upande. Tukashukuru, tukaondoka.

La Tabata nililipata kwa mwenye gari mwenyewe, baba wa makamo anayekwenda kuhamia mkoani. Nilimwomba jambo moja kwenye simu: asiliwashe hadi tufike. Injini baridi haijui kuficha. Sili za valvu zikiwa zimechoka, moshi wa bluu unatoka pale pale inapowaka. Ikishapata moto huenda usiuone tena. Tulifika, fundi akaweka kiganja kwenye injini, baridi. Akafungua kifuniko cha oili: ndani hakuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji na oili havijakutana. Kwenye rejeta kulikuwa na kulanti, si maji ya bomba yenye kutu. Alipowasha, mimi nilisimama nyuma kwenye ekzosi. Mvuke kidogo mweupe, ukaisha.

Funguo ikiwa imezungushwa lakini injini haijawaka, nilihakikisha taa ya injini na ya eabegi zinawaka kwanza, kisha zinazima baada ya gari kuwaka. Wengi huangalia kama taa haipo. Taa isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kuna wanaoitoa balbu au kuiziba.

Tukalitembeza. Kwenye matuta ya mtaani shokapu za mbele zilikuwa zinagonga, hilo hata mimi nililisikia. Uwanjani fundi akakata usukani hadi mwisho kushoto, akazunguka polepole, kisha kulia, tukisikiliza kama jointi zinatoa ule mlio wa kukatakata. Kimya. Gia akaipeleka R, akarudi D, akarudia akiwa amekanyaga breki: iliingia bila kuchelewa wala kupiga teke, ila injini ilitikisika kuliko inavyopaswa, akasema mauntingi moja, raba inayoshikilia injini, imekatika. Barabara ya Mandela akaachia usukani kidogo, halikuvuta upande. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza upepo tu.

Bodi ilikuwa na hadithi. Ukisimama kwenye kona ya gari na kutazama ubavu wake wote kwa jua la asubuhi, rangi iliyorudiwa haiakisi sawa na ya kiwandani. Mlango wa nyuma kulia ulikuwa hivyo, na kioo chake kilikuwa na alama ya kampuni tofauti na vioo vingine vyote. Niliuliza. Yule baba akasema bodaboda ilimvaa pale Buguruni, mlango ukabadilishwa. Fundi akachunguza nguzo ya mlango, bawaba na raba, zote za zamani na hazijachomelewa, boliti za boneti nazo hazina alama za spana. Kwangu hilo lilizidi kuniongezea imani: aliyesema la mlango kabla hatujamaliza kulikagua ana uwezekano mdogo wa kuficha la injini. Matairi mawili yalikuwa na tarakimu 2217, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2017, kashata, yaani meno ya tairi, nzuri lakini mpira umepasukapasuka pembeni.

Hapo ndipo ukaguzi ulipogeuka hela. Jioni ile nilipita Gerezani nikauliza bei za shokapu mbili, mauntingi, matairi na gesi ya kiyoyozi pamoja na ufundi, nikaziandika kwenye karatasi. Kesho yake sikumwambia yule baba “punguza kidogo”. Nilimpa karatasi. Alitaka milioni kumi na moja na nusu. Alivutana nami kwenye matairi, akasema bora angeyabadilisha mwenyewe mapema, tukaishia milioni kumi na laki mbili.

Makaratasi niliyasimamia mwenyewe. Nilitaka kadi halisi, si kopi, kwa sababu mjini kumejaa mikopo ya kadi ya gari: mtu anaiacha kwa mkopeshaji, gari anaendelea kulitembelea, na mnunuzi anakuja kunyang'anywa. Jina la kwenye kadi nililinganisha na kitambulisho chake cha NIDA, kisha fundi akanisomea namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma nyuma ya injini nami nikiifuata kwenye kadi herufi kwa herufi. Kwa namba ya gari niliangalia madeni ya polisi wa usalama barabarani kwenye mfumo wao. Zilikuwepo faini mbili za 30,000 kila moja, akazilipa pale pale kwa simu. Mkataba wa mauziano ulisainiwa kwa wakili, na hela niliituma benki kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Mdogo wake aliyekuja naye alipendekeza tupitishe nusu kwenye namba yake ya simu ili kuokoa makato. Nilimwambia, “Hapana, shemeji, makato nalipa mimi.”

Kabla sijalipeleka shuleni fundi alimwaga oili ya injini na ya gia akaweka mpya, kisha akafunga shokapu. Kiyoyozi bado. Kumbe gesi haikuwa tatizo, ni kompresa, na hiyo itasubiri hadi arudi mwezi wa Desemba muuza spea mmoja wa Ilala ambaye hunipunguzia bei.