Qadar ya Allah na mkono wako mwenyewe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna neno linaniuma sana kuhusu qadar, yaani yale Allah aliyokwisha kuyapanga: mtu haswali, ukimuuliza anakwambia Allah hajaniandikia hidaya (uongofu) bado. Lakini huyohuyo akiumwa jino hasemi nimeandikiwa, anakimbia hospitali fasta.

Sasa tumtazame Sayyidna Umar (r.a.), khalifa wa pili. Alikuwa njiani kwenda Sham (eneo la Syria na jirani zake), kufika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba huko kuna tauni. Akashauriana na Muhajirina (waliohama kutoka Makka), kisha Ansari (wenyeji wa Madina waliowapokea), wakatofautiana, mwisho wazee wa Kikureshi wakasema turudi, akatangaza asubuhi tunageuza. Abu Ubayda, swahaba aliyekuwa kamanda wa jeshi huko Sham, akamuuliza, unaikimbia qadar ya Allah? Umar akajibu ndiyo, tunaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah, hebu niambie, ukiwa na ngamia wako kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu, popote utakapowalisha si umewalisha kwa qadar ya Allah? Yaani hata kule kukwepa nako kumo ndani ya qadar! Swahaba Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni, mkiisikia iko mji fulani msiingie, ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Allah akarudi. Abu Ubayda yeye akabaki na watu wake Sham, na tauni hiyo ndiyo ikamuua, mwaka wa 18 Hijria, Allah amridhie.

Wanafalsafa na wanazuoni nao walihangaika na swali hili la qadar na hiari ya mtu. Ibn Sina (aliyefariki 1037) alisema kila kisichokuwa Allah kikiwepo ni kwa vile sababu zake zimekilazimu, na sababu zote zinaishia kwa Allah, sasa mtu anauliza mi hiari yangu iko wapi hapo? Kundi la Muutazila wakasema mja anaumba vitendo vyake, kundi la Jabriya wakasema hana hiari kabisa. Imamu Ash'ari (aliyefariki 936) akasema Allah ndiye anayeumba kitendo, mja anakichuma, yaani kinakuwa chake kwa kutaka kwake, ndiyo kasb hiyo, na hoja yake moja mi naipenda sana: mkono unaotetemeka wenyewe na mkono uliouinua kwa kutaka, tofauti yake unaijua ndani ya nafsi bila kufundishwa na mtu. Aliyezima alamu ya simu alfajiri akajifunika shuka tena, mkono wake haukuwa unatetemeka.

Wiki hii tusome sura ya At-Takwir aya ya 28 na 29, ya kwanza inamtaja anayetaka kunyooka, ya pili inasema hamtataka ila atake Allah. Tafadhali zisomeni zote mbili kwa pamoja.