Fotokopi ya pauni 18,000 inavyogeuka 216,000

Muuzaji wa mashine za fotokopi anampigia mwalimu mkuu: pauni 6,000 kwa mwaka, miaka 3. Jumla 18,000, si kitu cha kusumbua ofisi kuu.

Tatizo ni kwamba kwa shule za akademi za England (shule za umma zisizo chini ya halmashauri) mwenye mkataba kisheria ni trasti, yaani taasisi inayoziendesha, si shule moja moja. Trasti ikiwa na shule 6 zenye hitaji hilohilo, ni 36,000 kwa mwaka. Mkataba unaruhusu nyongeza ya mwaka mmoja mara mbili, basi hesabu miaka 5: 180,000. Weka VAT ya asilimia 20 upate 216,000. Ukomo wa bidhaa na huduma kwa trasti, yaani kiasi ambacho kuanzia hapo lazima zabuni itangazwe, tangu Januari 1, 2026, ni pauni 207,720, VAT ikiwa ndani. Umeshavuka, na zabuni hukutangaza.

Sheria ya Ununuzi ya 2023, iliyoanza kutumika Februari 24, 2025, inataka mahitaji yanayoweza kukaa kwenye mkataba mmoja yahesabiwe pamoja, ila pawe na sababu nzuri. “Kila shule ina bajeti yake” kwangu si sababu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari la mikataba. Tarehe ya mkataba kuisha haitoshi. Andika siku ya mwisho ya kutoa notisi ya kusitisha, maana mikataba ya fotokopi, usafi na leseni za programu hupenda kujihuisha yenyewe. Andika pia uko chini ya sheria ipi: ununuzi ulioanza kabla ya Februari 24, 2025 unabaki kwenye kanuni za ununuzi za 2015 hadi mwisho wake, na hata ukiagiza leo kupitia mkataba mama wa zamani (ule wa jumla ambao wanunuzi huagizia chini yake), unafuata kanuni hizo za zamani.

Matangazo yote yanapita Find a Tender, jukwaa moja la serikali (waliozoea NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa Tanzania, wataelewa haraka). Sajilini trasti mapema, na wasimamizi wa akaunti wawe wawili. Mmoja akienda likizo na nywila kichwani, zabuni inalala.

Kabla ya tangazo la zabuni lazima tathmini ya mgongano wa maslahi iwe imeandikwa. Ihusishe pia mgongano wa kudhaniwa tu: mdhamini wa trasti (mjumbe wa bodi yake) ambaye shemeji yake anauza mashine, hata kama hawasemezani.

Kisha panga siku kwa kurudi nyuma. Wazabuni wapewe angalau siku 25, mradi zabuni zinapokelewa kielektroniki na nyaraka zote zimetoka pamoja; kiambatisho kimoja kikichelewa, zinakuwa 30. Baada ya tathmini, kila mzabuni aliyetathminiwa anapewa muhtasari wa alama zake, ndipo tangazo la tuzo (la nani kashinda) litoke, na mkataba usitiwe saini kabla ya siku 8 za kazi kuisha. Ukishasainiwa, una siku 30 za kutangaza maelezo yake. Anayetaka huduma ianze Septemba 1 asiache tuzo hadi Agosti: bodi nyingi hazikai, na Jumatatu ya mwisho ya mwezi ni sikukuu, haihesabiwi.

Chini ya ukomo shule zimesamehewa taratibu za sheria hii kuhusu mikataba midogo. Zinabaki kanuni za fedha za trasti yenyewe.

Halafu shule ya saba inajiunga mwanzoni mwa mwaka wa pili. Miaka 4 kwa 6,000 ni 24,000, asilimia 13 na kitu ya 180,000. Kwa bidhaa na huduma, mabadiliko yanayoongeza zaidi ya asilimia 10 yanahitaji tangazo kabla hayajafanyika, pamoja na msingi unaokubalika kisheria. Msingi ulio salama zaidi ni kifungu cha shule mpya kilichoandikwa wazi kwenye tangazo la zabuni na kwenye mkataba, thamani yake ikiwa imehesabiwa tangu siku ya kwanza.