Zaburi ya 122 kwa kichwa, pale Lango la Yafa

Bwana asifiwe wapendwa. Nimerudi Mbeya salama kutoka hija ya Yerusalemu, ila sauti imekauka.

Kabla ya safari mama mchungaji alitutaka tushike kwa kichwa Zaburi za kupanda, yaani nyimbo za mahujaji wakipanda kwenda Yerusalemu, 120 hadi 134. Zote! Nilizikariri kwenye daladala za Uyole, midomo inacheza, konda ananikodolea macho.

Tulipofika Lango la Yafa, la kuingilia mji wa kale wa Yerusalemu, mzee mmoja akaanza tu, bila kupangwa: "Nalifurahi waliponiambia, na twende nyumbani kwa Bwana." Tukadakia wote. Kufika kwenye "miguu yetu imesimama", nikatazama chini. Viatu vina vumbi, mawe ya njia yameng'aa kwa kukanyagwa, yanateleza kama sabuni. Koo likaniziba. Dada mmoja wa Tukuyu akanishika mkono, tukaenda naye hadi aya ya 6, ya kuuombea mji amani. Hiyo tuliirudia, maana kule wanaihitaji kweli.

Mahujaji wa kale walipanda kutoka Yeriko, chini ya usawa wa bahari. Yerusalemu iko mita kama 750 tu juu ya usawa huo. Mbeya inapita 1,600. Sisi tulishuka, jamani!

Alhamisi jumuiyani naanza kuwafundisha vijana Zaburi ya 121. Njooni na Biblia, tutazifunga baadaye.