Kila badiliko lina tarehe mbili

Katika kazi yangu ya kusafirisha bidhaa hatari, mzigo ulionitia adabu haukuwa kontena la asidi wala mitungi ya gesi. Ulikuwa kisanduku kimoja chenye pawabanki mbili, sampuli za mteja, uzito wake haufiki hata kilo. Ilikuwa Aprili 2022. Nilikifunga kama nilivyokuwa nikivifunga vyote: chaji isiyozidi asilimia 30, alama ya betri ya lithiamu ubavuni, lebo ya ndege ya mizigo pekee, basi. Mpokea mizigo wa shirika la ndege akakigeuzageuza, akaniuliza, "Tamko liko wapi?" Nikamjibu kwamba hiki hakihitaji tamko, ile hati ya kutangaza bidhaa hatari; kinaingia sehemu ya pili ya maelekezo ya ufungashaji namba 965, yanayohusu betri za lithiamu-ioni zinazosafiri bila kifaa. Akacheka, bila ubaya. "Ndugu yangu, sehemu ya pili ilishafutwa."

Nilibisha. Januari, Februari na hata Machi nilikuwa nimepeleka visanduku vya namna ile ile, vyote vikapokelewa, kimojawapo na yeye mwenyewe. Niliporudi ofisini na kusoma ndipo nikaona mtego ulipokuwa. Toleo la mwaka ule la kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, lilianza kutumika 1 Januari likiwa limeifuta sehemu ile, ila liliacha miezi mitatu ya mpito, hadi 31 Machi. Mimi nilikuwa ndani ya mpito bila kujua. Kila kisanduku kilichopokelewa kilinihakikishia kwamba niko sawa, kumbe nilikuwa nakula siku za nyongeza.

Tangu hapo niliacha kujiuliza "kanuni imebadilika?" Nikaanza kujiuliza maswali mawili: badiliko linaanza lini, na utaratibu wa zamani unakufa lini. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo wengi wetu hunaswa, kwa sababu hakuna anayekurudishia mzigo ili ushtuke.

Mfumo wenyewe si wa kutisha ukishajua maji yanatokea wapi. Kamati ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa hurekebisha kanuni za mfano za kusafirisha bidhaa hatari kila miaka miwili. Kutoka hapo ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, huzipeleka angani, na IMO, lile la usafiri wa baharini, huzipeleka baharini kupitia kanuni zake za bidhaa hatari, IMDG. IATA hutoa kitabu chake kila mwaka, chenye masharti ya ICAO na nyongeza za mashirika ya ndege. Kwa hiyo mkondo ni mmoja, ila hauwafikii wote siku moja. Marekebisho ya 42-24 ya IMDG, kwa mfano, yaliruhusiwa kutumika kuanzia 1 Januari 2025, yakawa lazima 1 Januari 2026. Mwaka mzima wa 2025 watu wawili walipakia mzigo uleule kwa masharti tofauti, na wote walikuwa sahihi.

Makaa ya miti ndiyo yaliyowashtua wengi katika marekebisho hayo. Zamani yakifaulu kipimo cha kujipasha joto yalisafiri kama mzigo wa kawaida. Msamaha huo umeondolewa. Sasa ni UN 1361 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa hatari), daraja 4.2, la vitu vinavyoweza kujiwasha vyenyewe; yanatangazwa kuwa bidhaa hatari, na kontena halijazwi hadi juu: lazima ibaki sentimita 30 chini ya dari. Aliyezoea kujaza hadi mlango ugome kufunga ana hesabu mpya ya kufanya.

Nilichofanya mimi ni daftari. Sikujaribu kujua kitabu chote, nani anaweza? Niliandika namba za UN za bidhaa tunazosafirisha kweli, zikatoka kumi na nne tu, kila moja na ukurasa wake. Kitabu kipya kikifika, nasoma kwanza kurasa za mwanzo zinazoorodhesha mabadiliko, kisha napitia namba zangu moja moja. Kila badiliko linaandikwa na tarehe zake mbili, ya kufa kwa wino mwekundu. Mwezi unapoanza naangalia kama IATA wametoa masahihisho, maana hata kitabu kilichokwisha kuchapishwa hurekebishwa katikati ya mwaka. Na kabla ya kila mzigo nasoma masharti ya ziada ya shirika litakalobeba. Kanuni inaweza kuruhusu, shirika likakataa, na hapo huna rufaa.

Baadaye niliongeza safu ya tatu: mambo yanayopendekezwa. Nilikuwa nikiyaruka, kwani pendekezo si amri. Lakini toleo la 2025 lilipendekeza kwamba betri za lithiamu-ioni zinazofungwa pamoja na kifaa, UN 3481, zisizidi chaji ya asilimia 30. Mteja wangu wa redio za mkononi alinuna nilipomwomba akiambie kiwanda kianze kupunguza chaji. "Kwani ni lazima?" Bado, nikamwambia. Mwaka 2026 ulipoingia ikawa lazima, na kiwanda chake kilikuwa kimeshazoea.

Kijana anayenisaidia aliwahi kuniuliza kwa nini chaji inawasumbua hivyo watunga kanuni. Nikamweleza kuhusu ndege ya mizigo ya UPS iliyoanguka Dubai Septemba 2010 baada ya moto kuzuka kwenye shehena yenye betri za lithiamu. Marubani wote wawili walikufa. Betri yenye chaji kidogo ina nguvu kidogo ya kujiwasha na kuiwashia jirani yake. Hajarudia swali hilo, na siku hizi ndiye anayeshika kipimo cha chaji. Mafunzo yetu ya marudio, ambayo kwa ndege hayapaswi kupitisha miezi 24, nayo yana ukurasa wake daftarini, maana cheti kikiisha tamko haliruhusiwi kutiwa saini hata kama umeliandika vizuri kuliko mwalimu.

Kabatini bado nina rola tatu za alama za betri za muundo wa zamani, zenye nafasi ya namba ya simu. Namba hiyo iliondolewa kwenye masharti mwaka 2023, lakini alama zenyewe zinakubalika hadi 31 Desemba 2026. Kijana anataka tuzitupe tusije tukajisahau. Mimi nimeandika tarehe hiyo kwa kalamu nene juu ya kila rola, na tunazitumia hizo kwanza.