Kupunguza vitu nyumbani: sare za harusi zimepata dawa

Familia imekubali. Sare ya harusi ya binti wa mama mkubwa itakuwa kanga. Nimefurahi kupita kiasi, na wanaofuatilia kazi hii ya kupunguza vitu wanajua kwa nini. Vyombo vilitoka, viatu vikatoka, makochi ya ziada yakatoka, yote bila vita. Kilichonishinda ni kabati la nguo, na humo kabatini si mabuibui wala magauni ya kutokea yaliyonikwamisha. Ni sare, zile nguo za kitambaa kimoja tunazoshona sote kwa ajili ya harusi moja.

Tunakaa hapa Zanzibar mjini, kwenye majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Vyumba vyake havina nafasi kwa mtu mwenye sare ya singo (siku ya kumsinga bibi harusi), sare ya nikaha na sare ya walima (karamu ya harusi), kila harusi na zake. Hatuna uchaga, hatuna ua, na uvungu wa kitanda ulishajaa zamani.

Nguo nyingine zote zina pa kwendea. Kanga ikichakaa inakuwa ya kupikia, halafu ya kumfunikia mtoto, halafu tambara. Fulana anapewa mtu. Sare haina pa kwenda. Harusi nyingine huivai, maana kila aliyekuwepo anaijua ni ya nani. Jirani humpi, kwa sababu anayo hiyo hiyo. Nilimpelekea muuza mitumba mmoja pale Darajani, akazigeuza, akapapasa shanga za kifuani, akanirudishia. Gauni lililoshonwa kwa kipimo changu, lina lesi shingoni na mkia nyuma, hana wa kumuuzia. Ile kanuni wanayoisifu wapunguzaji wa vitu, kiingie kimoja kitoke kimoja, kwa sare haifanyi kazi hata kidogo, kwa kuwa kutoka ndiko kusikowezekana.

Nikasema basi zifumuliwe, zitumike kufutia. Nikaanza na ile ya kijani. Unapanguza meza, maji yanakimbia mbele ya kitambaa na kurudi nyuma yake, meza inabaki majimaji vile vile. Nikakata uzi, nikautia kiberiti. Uzi wa pamba ukiungua huacha jivu laini. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaganda kidonge cheusi kigumu kisichopondeka kwa kidole. Poliesta tupu, yaani plastiki. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, Bara wakafuata Juni 2019, na huku plastiki hiyo hiyo tunaipima kwa yadi na kuivaa usiku mmoja. Hili linaniuma kweli, kwa sababu najua zikitupwa zinaishia jaani, na zikichomwa moshi wake tunauvuta sisi.

Kuhusu kufumua: kuna wanaosifia vile vifumulio vidogo vyenye ncha ya uma. Kwenye pamba ni vizuri, kwenye shifoni vinararua. Mie natumia wembe mpya, nauweka ubapa, nakata mshono kila baada ya tundu nne tano, halafu navuta uzi wa chini na mshono wote unafunguka. Na cherehani ya mkono siibadilishi na ya umeme. Kitambaa kinachoteleza kinataka mwendo wa polepole, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Njia ya Pemba nayo niliijaribu. Wifi yangu yuko Wete, nikamtumia mfuko kwa boti, nikijua huko hakuna aliyeziona. Zikavaliwa, nikashukuru. Sikukuu iliyofuata wifi akashuka bandarini kwetu Malindi na mfuko wake: sare za harusi za Wete, anaomba tuzivae huku!

Hapo ndipo nilipoona kabati halitapona kwa kutoa. Lazima kinachoingia kibadilike.

Nikaenda kwa mama mkubwa kabla kitambaa hakijachaguliwa. Aliposikia kanga, akashusha miwani.

"Mwanangu, unataka watu waseme hatuna?"

"Hapana, mama mkubwa. Nataka waje."

Nikamtajia binamu yetu. Tangu afiwe na mumewe haonekani kwenye harusi, na watu wameshamwita mwenye kiburi. Ukweli ni kwamba kitambaa anaweza kukinunua kwa tabu, lakini kitambaa na ujira wa fundi kwa pamoja hawezi, na kuja bila sare ameona ni aibu. Kanga haina fundi. Unajifunga, unajitanda, umekamilika. Mama mkubwa hakujibu papo hapo. Alinyamaza, akauliza kanga nzuri siku hizi zinauzwa kwa nani.

Nimeshanunua doti moja ya majaribio pale Mchangani. Wenzangu mnajua, inakuja vipande viwili vimeungana, na ina wanga mpaka inasimama yenyewe. Nimeiroweka usiku kucha, nikaifua, nikaianika kivulini, sasa inakaa mwilini. Kabla ya hapo niliikata katikati ya nafasi kati ya pindo na pindo, nikakunja mara mbili, mkunjo mwembamba, nikashona kwa mkono. Mashine inaukaza upande uliokatwa na kanga inavutika pembeni. Kazi ya mkono ni ya jioni moja, na matokeo yake ni ukingo unaolala chini kabisa.

Mwezi huu nilipanga kuingia jikoni, kwenye mahotpoti. Yatangoja, maana yale mabaki ya sare ya kijani yamenipa wazo. Kitambaa kisichofyonza maji ndicho kinachofaa kwa samaki! Nimeshona mfuko wa kwendea sokoni, tabaka mbili, mshono umefichwa ndani, mishikio nimeikata kwenye mkanda wa kiunoni ambao tayari ulikuwa umekazwa. Nimebeba samaki aina ya changu kutoka Darajani, maji yamechuruzika, mfuko nimeusuuza na kuutundika, na kabla ya adhuhuri ulikuwa mkavu, harufu hakuna. Jirani ameuona, akakimbilia kwake kuleta sare yake ya kijani. Nimemwambia wembe aje nao.

Kilichobaki ni rangi. Muuzaji ana doti za kutosha za chapa mbili tu. Mama mkubwa anaitaka ya zambarau, bibi harusi anaitaka nyekundu, na arubuni inatakiwa kabla ya Ijumaa. Kesho asubuhi tunakwenda Mchangani sote watatu, na binamu amesema atatukuta huko.